Wolai: Samaki wa Jioni

Huko Minnesota, Marekani, ambako familia nyingi za Wakenya zimehamia, samaki anayesifiwa sana mezani ni wolai. Tangu 1965 ndiye samaki rasmi wa jimbo hilo. Kumpata hakuhitaji mashua.

Siri iko machoni. Jicho lake lina utando unaorudisha mwanga, hivyo huona vizuri wakati wa gizagiza. Jua likizama husogea karibu na ukingo kuwinda samaki wadogo. Basi pika mapema, ufike ziwani kabla ya magharibi, hasa msimu unapofunguliwa mwezi wa Mei. Chagua penye mawe, au mto unapoingia ziwani.

Nunua kwanza leseni. Watoto wakazi walio chini ya miaka 16 hawaihitaji. Beba fimbo nyepesi, ndoano yenye uzito kichwani, na samaki mdogo wa chambo. Tupa, acha izame hadi chini, kisha vuta polepole ukiinua na kushusha. Ukihisi uzito, kaza mshipi. Usimshike mdomoni; meno yake ni makali.

Jambo moja tusilifiche. Wolai hula samaki wenzake, hivyo zebaki hujikusanya mwilini mwake, na mkubwa huwa nayo zaidi. Zebaki hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni, na kupika hakuiondoi. Mjamzito, mama anyonyeshaye na watoto wale wolai wadogo tu, tena mara chache. Yule mkubwa arudishwe majini, hata kama baba amekwisha kumwonea fahari.