Je, Mshale wa Gari Lako Unasema Kweli?

Mvuvi akipeleka samaki sokoni, huitazama mizani kwa makini. Anajua kuwa mizani mbovu itampunja. Gari nalo lina mizani yake. Ni ile saa iliyo mbele ya dereva, yenye mshale unaoonyesha mwendo. Mafundi huiita spidomita. Ikisema uongo, hasara yake si fedha tu. Inaweza kuwa maisha ya mtu.

Fikiri unatoka Kendwa na gari la zamani. Unashika barabara ya Nungwi, unapita Kinyasini na Mahonda, unakwenda Mjini. Njiani kuna vijiji na skuli. Mshale uko kwenye 50, roho yako imetulia. Kumbe mwendo wa kweli ni 60. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa sekunde moja. Linalokwenda kilomita 60 hupita karibu mita 17. Mtoto akikatiza barabara ghafla, mita hizo 3 ni nyingi. Tena, mwendo ukizidi mara mbili, breki huhitaji nafasi mara nne ili kulisimamisha gari.

Spidomita inafanyaje kazi?

Magari mengi ya sasa hupima mwendo kwa umeme. Gari la zamani hutumia waya. Waya huo umo ndani ya mpira mrefu, nao hutoka kwenye giaboksi mpaka kwenye saa. Magurudumu yakizunguka, waya nao huzunguka.

Ndani ya saa, waya huzungusha sumaku. Sumaku iko ndani ya kikombe chepesi cha alumini, lakini haikigusi. Ikizunguka, hukivuta kikombe kiifuate. Springi nyembamba kama unywele hukizuia. Mwendo ukizidi, sumaku huvuta zaidi, na mshale hupanda. Njia hii ilibuniwa na Mjerumani Otto Schulze mwaka 1902.

Waya huo huo huzungusha tarakimu zinazohesabu kilomita.

Pima mwenyewe

Tafuta barabara iliyonyooka, isiyo na watu wala magari mengi. Chukua kamba ya mita 50. Pima mara 10, upate mita 500. Weka alama mwanzo na mwisho, pembeni mwa barabara.

Endesha mshale ukiwa kwenye 30, bila kuongeza wala kupunguza. Mwenzako ashike saa na kuhesabu sekunde kutoka alama ya kwanza mpaka ya pili. Wewe tazama njia.

Kisha gawa 1800 kwa sekunde hizo. Jibu ni mwendo wa kweli:

Sekunde 72 ni kilomita 25 kwa saa.
Sekunde 60 ni kilomita 30 kwa saa.
Sekunde 45 ni kilomita 40 kwa saa.

Mwenzako akipata sekunde 45, mshale wako unaficha kilomita 10. Simu nyingi za siku hizi pia zinaweza kuonyesha mwendo kwa msaada wa setilaiti. Ashike abiria, si dereva.

Kosa liko wapi?

Kwanza, soma uso wa saa. Ukiona herufi MPH, inapima kwa maili. Magari mengi ya zamani kutoka Uingereza yako hivyo. Maili 30 ni kilomita 48. Saa hiyo si mbovu, ila kipimo chake ni kingine.

Pili, tazama mipira. Gurudumu likizunguka mara moja likaenda mita 2, litazunguka mara 500 kwa kilomita. Ukifunga mpira mkubwa unaokwenda mita 2 na sentimita 20, mizunguko itapungua. Spidomita haioni ukubwa wa mpira, inahesabu mizunguko tu. Itaonyesha 50, nawe unakwenda 55. Rudisha mpira wa kipimo kinachotakiwa na gari lako.

Tatu, angalia tarakimu za kilomita. Pita zile mita 500 mara nne, kwenda na kurudi. Tarakimu zionyeshe kilomita 2. Zikiwa sawa lakini mshale unakosea, ubovu umo ndani ya saa. Springi ikilegea, mshale hupanda mno. Sumaku ikichoka, mshale hubaki chini. Mpelekee fundi wa saa za magari. Usiikunje springi mwenyewe.

Nne, mshale ukirukaruka, shaka ni waya. Zima gari. Fungua waya nyuma ya saa na kwenye giaboksi, kisha uvute nje. Ufute kwa kitambaa. Hewa ya chumvi ya pwani huleta kutu haraka. Ukiwa umechanika nyuzi au umekunjika, nunua mwingine wa urefu ule ule. Ukiwa mzima, upake grisi kidogo. Usipake karibu na saa, kwa sababu grisi ikiingia ndani hunasa kikombe. Ukiurudisha, usiukunje kwa nguvu.

Baada ya kutengeneza, pima tena. Kama bado unamsubiri fundi, andika karatasi na uibandike mbele yako: "Mshale 30, kweli 40." Endesha kwa kuifuata karatasi hiyo. Abiria wako na watoto wa njiani hawauoni mshale wako. Wanakutegemea wewe.

Maswali

1. Waya wa spidomita unatoka wapi na unakwenda wapi?
2. Kwa nini mpira mkubwa huufanya mshale uonyeshe mwendo mdogo?
3. Gari limepita mita 500 kwa sekunde 50. Mwendo wake wa kweli ni kilomita ngapi kwa saa?
4. Zungumzeni darasani: ni mahali gani katika barabara ya kijiji chenu dereva anapaswa kwenda polepole zaidi? Kwa nini?