Petroli au dizeli? Kaulize Kitonga

Funga tela la tani mbili nyuma ya pikapu, kisha elekea Kitonga, ule mlima wa kona kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula. Huko ubishi wa vijiweni huisha.

Hilux ya petroli ya cc 2,700 itapanda, ila kwa kelele. Nguvu yake ya kuzungusha, niutoni-mita 245, haitimii mpaka injini ifike mizunguko 4,000 kwa dakika. Dereva anang'ang'ania gia ya pili huku mshale wa tangi ukishuka. Ndugu yake wa dizeli wa cc 2,800, toleo la kuanzia 2020 lenye gia otomatiki, ana 500, tena kuanzia mizunguko 1,600 tu. Anapanda kama anakwenda gengeni. Na kadiri unavyopanda hewa inapungua: injini isiyo na turbo, kama hiyo ya petroli, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Watu wa Mbeya na Njombe hawahitaji kuambiwa.

Mfukoni je? Kwa vipimo vya kiwandani, bila tela, petroli hula kama lita 11 kwa kilomita 100, dizeli 8. Ukitembea kilomita 20,000 kwa mwaka, umeokoa lita 600. Zidisha mwenyewe kwa bei kikomo ya EWURA ya mwezi huu.

Hapo ndipo wengi hufunga hesabu, na mimi nilifunga hapo hapo. Kisha kituo kimoja kikaniuzia dizeli yenye maji. Nozeli za kisasa hupuliza mafuta kwa mgandamizo wa kutisha kupitia vitundu vyembamba sana; hazina msamaha. Nne zilikufa, na akiba ya mwaka ikaenda nazo. Uchakachuaji tunaujua: mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili yasichanganywe na dizeli. Petroli ikisumbua, mara nyingi ni plagi, na fundi wa chini ya mwembe anaimudu.

Kwa hiyo kama tela lako linatoka mara mbili kwa mwezi kupeleka mbuzi mnadani, chukua petroli, hata jirani akikucheka. Kama unavuta mzigo kila siku, tena milimani, chukua dizeli, lakini kila wiki fungua koki ya chujio umwage maji, na risiti ya kituo usiitupe.