Kabla ya kuingia simulateri, mtoto ajue kusema

Hapa Bwegera, pale barabara ya Lemera inaachana na ile ya Uvira, kuko watu wengi ambao walipanda ndege mara ya kwanza kwa kufuata jiwe. Waliofika Walikale wanakumbuka ndege ndogo zikitua juu ya barabara ya magari pale Kilambo, zikipakia mifuko ya kasiterite na kurudi Goma. Hakuna aliyeuliza piloti alipita mtihani gani. Tuliangalia mfuko, tukaangalia mzani, basi.

Leo swali lile linaweza kuingia nyumbani kwa mlango mwingine. Tuseme wewe baba, ao wewe mama unayetwanga mawe, umetoa grama zako za Kamituga ao za Misisi miaka na miaka kulipa masomo ya ndege ya mtoto. Amerudi na leseni mfukoni. Jirani wamekula, wamecheza. Halafu kompani inamwandikia: uje siku fulani kwa jaribio la simulateri. Mzazi anashangaa: "Si alishamaliza?"

Bado. Leseni inasema anaweza kurusha ndege. Jaribio hili linaangalia kama anaweza kupewa watu. Linaweza kuisha kwa saa moja ao mbili, na anayeanguka hapo anarudi nyumbani na leseni yake bila kazi. Ndiyo maana jamaa nzima inapaswa kujua ni kitu gani.

Simulateri ni chumba kama kontena ndogo kilichosimama juu ya miguu sita ya chuma inayopanda na kushuka. Ndani ni pahali pa piloti penyewe: viti, usukani, saa zote, vifungo vyote. Madirishani unaona njia ya kurukia, mvua, usiku. Ndege ikitikisika, nawe unatikisika. Mashini za namna hiyo ziko Addis Ababa, kwenye shule ya Ethiopian Airlines, na Nairobi kwa Kenya Airways. Kwetu Kongo jambo hili limekuja karibu tangu Desemba 2024, Air Congo ilipoanza kuruka: serikali ina asilimia 51, Ethiopian Airlines ina 49.

Ndani wanaingia wawili wawili. Mmoja anaendesha, mwingine anaangalia saa, anaongea na radio na kusoma orodha ya kazi. Baadaye wanabadilishana. Nyuma yao anakaa mwenye kupima, naye njo anaigiza sauti ya mnara. Kwanza anaomba vitu vyepesi: panda, shuka, kata kona kali ya digri 45 bila kupoteza urefu. Kisha anazima piloti otomatiki, anakuambia utue kwa kufuata saa peke yake, nje ukungu mtupu. Mwishoni anakuua moteri moja wakati ndege inaacha ardhi.

Hapo wengi wanaharibika kwa haraka. Moteri ya kushoto ikifa, pua inakimbilia kushoto, na mguu wa kulia unapaswa kusukuma mara moja kuinyoosha. Kisha? Kisha unatulia. Kompani nyingi zinakataza kugusa vifungo vya moteri kabla ya kufika futi 400. Unashika ndege kwanza, unajua unaenda wapi, halafu unaongea. Anayerukia kifungo anaweza kuzima moteri iliyo nzima.

Sasa tuseme neno kubwa. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways iliondoka Douala, Cameroun, kwenda Nairobi. Mvua kubwa, giza. Ilikuwa na watu 114. Haikumaliza hata dakika mbili hewani. Ilianguka katika matope ya mikoko, chini ya kilomita 6 kutoka kiwanjani, na hakupona hata mmoja. Uchunguzi haukukuta ugonjwa wa moteri. Komanda alitaja piloti otomatiki kana kwamba imeshika, na mwenzake hakuhakikisha. Haikuwa imeshika. Ndege ikalala upande polepole, na kati ya wale wawili hakuna aliyekuwa anaangalia saa. Ripoti ilimweleza komanda kuwa mtu wa tabia nzito, na kopiloti kuwa mpole asiyependa kubisha. Sauti ya kusahihisha ilikuja kuchelewa.

Mchimbaji anaelewa jambo hili kuliko mtu wa ofisi. Katika shimo, bwazeri anaweka miti, PDG anatoa amri. Lakini mti ukianza kulia, anayesikia kwanza njo anasema "Tutoke!", hata kama ameanza kazi jana, hata kama PDG ameshika tochi na anasema tuendelee. Shimo ambamo wadogo wanaogopa kusema, siku moja litawafunika wote. Ndege ni vile vile. Mwenye kupima anataka kusikia kama kopiloti anaweza kumwambia mkubwa, kwa heshima na bila kuzunguka: "Kasi inashuka." "Tumelala sana kushoto." Kompani nyingi zinafundisha hivi: ukisema mara mbili na mwenzako hajibu wala hasahihishi, unachukua usukani.

Hapo njo kuna shida yetu. Sisi tumelea watoto wasimjibu mkubwa. Ni adabu nzuri mezani, lakini katika chumba kile inaweza kumwangusha mtoto mwenye mkono mzuri kabisa.

Basi matayarisho yaanze wiki kadhaa mbele. Aulize mapema watatumia ndege ya namna gani, kisha ashike namba zake: kwa kasi fulani, pua iko digri ngapi, nguvu asilimia ngapi. Ashike na hesabu za kichwa. Kwa kutua kwa mteremko wa digri 3, zidisha kasi ya juu ya ardhi kwa 5: nodi 140 zinaleta kushuka kwa futi 700 kila dakika. Na kwa kila futi 1000 za kupoteza, tayarisha maili 3 za baharini: ukiwa futi 10 000 juu ya kiwanja, anza kushuka kwenye maili 30.

Kingereza nacho kisisahauliwe. Kwa safari za kimataifa, piloti anapaswa kuwa na kiwango cha 4 kati ya 6, na aliyesoma kwa kifaransa asingoje wiki ya mwisho.

Saa moja ya simulateri kubwa inagharimu mamia ya dola. Kama pesa iko, moja ao mbili kabla ya siku yenyewe zinasaidia. Kama haiko, asikate tamaa. Achore saa na vifungo juu ya kartoni, aibandike ukutani, akae mbele yake na kurudia kazi yote kwa sauti, mkono ukienda pahali pake, mpaka asitafute tena. Piloti wakubwa wanafanya hivyo pia. Usiku wa mwisho alale. Chumba kile kinaonyesha uchovu mara moja.

Kompani zilizoandikishwa Kongo ziko kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya zisizoruhusiwa kuruka kule, orodha iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2006. Hatutaitoka kwa maneno. Tutaitoka piloti mmoja mmoja, fundi mmoja mmoja.

Na wewe mzazi una kazi yako, haiombi hata franka. Jioni, keti pembeni yake mbele ya ile kartoni. Wewe njo komanda. Msomee namba, kisha kosea moja kwa kusudi, na ukaze uso kama unavyojua. Akinyamaza, rudia kesho. Siku atakapokuangalia na kusema, bila kutetemeka, "Papa, hapana, kasi inashuka," usimkaripie. Umwambie: "Muzuri. Sema tena."