Maganda ya nanasi: moto unaua dawa, vumbi linabaki



Katika kikundi swali hili linarudi kila mara: mama anayeumwa magoti achemshe maganda ya nanasi anywe, ao ni maneno ya sokoni tu? Wengine wanaongeza mbegu ya avoka iliyokaushwa na kutwangwa. Wengine wanampa hata mtoto.

Nanasi lina dawa, hilo si uongo. Ndani yake mna kitu kinachoitwa bromelaini, nacho husaidia kupunguza uvimbe. Viwanda hukitoa hasa katika shina na kukiuza kwa vidonge. Katika ganda pia kimo. Shida ni sufuria. Bromelaini haivumilii moto. Maji yakichemka inaharibika. Ukipika maganda nusu saa pamoja na tangawizi utapata kinywaji kitamu (mimi mwenyewe nakipenda sana), na tangawizi yaweza kutuliza kidogo maumivu ya hedhi. Lakini dawa ya nanasi imekwisha.

Kuna jambo lingine, nalo linatugusa sisi wa Kakanda kuliko wamama wa Kinshasa. Tunaishi kati ya migodi, na vumbi la malori linakaa juu ya matunda. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi ya Katanga. Kobalti waliyoikuta ilikuwa nyingi kuliko ile iliyokuwa imewahi kuandikwa kwa raia wa kawaida popote duniani. Chakula, maji na vumbi vilitajwa kuwa njia zake. Kobalti haifi kwa moto. Basi yule anayechemsha ganda lisilooshwa anaua kile anachokitafuta na kunywa kile asichokitaka.

Ukitaka kinywaji chako, osha nanasi zima kabla ya kulimenya, kwa maji safi yanayomiminika na burashi ngumu, maana vumbi linajificha katika yale macho yake. Kuliloweka tu katika beseni hakutoshi.

Mbegu ya avoka mimi naiacha. Majani, ganda na mbegu za avoka zina sumu iitwayo persini. Majani yake yanajulikana kwa kuua mbuzi. Mtu hafi kwa kijiko kimoja, lakini hakuna aliyepima kiasi gani ni salama kwa mama mwenye mimba. Mbegu za papai zilijaribiwa Nigeria kwa watoto, pamoja na asali, lakini ilikuwa kwa ajili ya minyoo, si maumivu. Mwenye mimba asizitumie.

Kinachonitia hofu zaidi ni mtoto. Mtoto mdogo akivimba vidole vya mikono ao miguu, akilia ukimgusa, pengine ni SS, ugonjwa wa damu ulioenea sana kwetu. Mara nyingi hiyo ndiyo alama yake ya kwanza, hata kabla ya kutimiza miaka miwili. Hapo usianze na maganda. Mnyweshe maji, mfunike asipate baridi, mpeleke hospitali siku ileile, na uombe apimwe damu. Akiwa na homa, usingoje asubuhi.