Anza na Chumba cha Gharama

Tangu Alexander Osterwalder na Yves Pigneur walipochapisha kitabu chao mwaka 2010, jedwali lao la vyumba tisa la kuchambua biashara halikosekani kwenye semina za ujasiriamali. Aghalabu hujazwa chumba kwa chumba, kuanzia wateja hadi gharama, na kazi huishia hapo. Ukichambua huduma za burudani hivyo utaambulia kidogo. Chukua Spotify na Netflix: zote hutoza ada ya mwezi, zote hupitia intaneti, zote huahidi uhondo usiokwisha. Vyumba vya wateja, njia na mapato vinakaribia kufanana. Zinapoachana ni kwenye gharama.

Takriban theluthi mbili ya mapato ya muziki ya Spotify huenda kwa wenye haki, wakubwa wao wakiwa Universal, Sony na Warner. Mapato yakipanda, mirabaha nayo hupanda. Netflix ikishaigharamia tamthilia, kama ilivyofanya kwa House of Cards iliyotoka mwaka 2013, gharama ni ileile watazame milioni moja au milioni mia. Ndiyo maana Spotify, iliyozinduliwa mwaka 2008, ilisubiri hadi 2024 kupata faida ya mwaka mzima. Na ndiyo maana mwaka 2019 ilinunua kampuni za podikasti Gimlet na Anchor, maana podikasti haidai mrabaha kila inaposikilizwa kama wimbo.

Wapo wanaosema jedwali hili ni picha ya mnato, halionyeshi mwendo. Ni kweli, ila hakuna aliyetukataza kuchora mawili. Kwenye jedwali la Netflix la mwaka 2012, Disney ingekaa chumba cha washirika, kwani ndiyo kwanza walikuwa wamekubaliana Netflix ionyeshe filamu zake. Mwaka 2019 Disney ilifungua huduma yake yenyewe, Disney+. Chumba cha washirika kilipopungukiwa, cha shughuli kilibidi kizidi kujazwa filamu za kujitengenezea.

Hoja nzito zaidi ni kwamba jedwali linaangalia mfuko wa kampuni, si wa msikilizaji. Spotify iliingia Kenya, Tanzania na Uganda Februari 2021 ikiwa na huduma ya bure yenye matangazo, lakini wa Dar es Salaam bado ananunua bando. Malipo hayo hayaonekani popote kwenye vyumba tisa vya Spotify. Yamo kwenye chumba cha mapato cha kampuni ya simu, na mchambuzi wa soko letu asiyelichora jedwali hilo la pili ataendelea kuita bure kitu kinacholipiwa.