Ligi ya Hoki Ikisimama Kupisha Mataifa, Nani Hulipa Gharama?

Shabiki wa soka anakijua kilio cha makocha wa Ulaya AFCON inapokaribia: mastaa wanaondoka, ligi inaendelea bila wao. Kwenye hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada mambo ni tofauti kidogo. Ligi yao, NHL, husimama kabisa kupisha baadhi ya mashindano ya mataifa. Je, tatizo linaisha? Hapana, linahama tu.

Mechi hazipungui

Kila timu ya NHL ina idadi maalumu ya mechi kabla ya hatua ya mtoano; hadi msimu wa 2025-26 zilikuwa 82. Ligi ikisimama wiki mbili, idadi hiyo inabaki palepale. Ratiba inabanwa, safari za ndege zinafuatana, na muda wa kupona majeraha madogo unapungua.

Halafu si wote wanaopumzika. Februari 2025 Kanada, Marekani, Sweden na Finland zilikutana kwenye 4 Nations Face-Off, kila moja na wachezaji 23. Wengine wote ligini walienda likizo. Fainali ilipigwa Boston tarehe 20, Kanada ikaifunga Marekani 3-2 katika muda wa ziada. Tarehe 22 ligi ikarudi. Waliocheza fainali walipata siku moja tu ya kuvuta pumzi.

Uchovu ni kitu kimoja, kuumia ni kingine

Beki wa Boston Bruins, Charlie McAvoy, aliumia bega akiichezea Marekani na hakucheza tena msimu ule. Boston, waliokuwa bado kwenye mbio za kufuzu, wakakosa mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2016. Walikuwa na matatizo mengine pia, lakini pengo lake lilionekana.

Mwaka 2006 kipa wa Ottawa, Dominik Hasek, aliumia kwenye Olimpiki ya Turin. Ottawa wakamaliza vinara wa kanda ya Mashariki bila yeye, kisha wakatolewa raundi ya pili.

Mbona wengine hubeba kombe?

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Florida Panthers walitoa wachezaji 8 kwenye mashindano yale ya 2025. Mmoja wao, Matthew Tkachuk, aliumia na kukaa nje hadi msimu wa kawaida ulipoisha. Bado Juni wakabeba Stanley Cup. Mwaka 2014 Drew Doughty na Jeff Carter walitwaa dhahabu ya Olimpiki na Kanada, kisha wakawa mabingwa na Los Angeles Kings miezi michache baadaye.

Sababu ni rahisi: timu inayoitiwa wachezaji wengi ndiyo yenye wachezaji wazuri. Ina benchi pana, na mara nyingi imeshajiwekea pointi za kutosha. Anayeumia zaidi ni yule wa katikati ya msimamo anayetegemea mtu mmoja au wawili.

Uangalie nini?

Timu 16 kati ya 32 ndizo hufuzu, na pengo la nafasi ya mwisho huwa dogo. Kwa hiyo mapumziko yakiisha, angalia mambo matatu: timu ina pointi ngapi mkononi, kipa wake namba moja alicheza mechi ngapi huko, na mabeki wake wakuu wamerudi wazima? Majibu hayo yatakuambia mengi kuliko idadi ya medali.