Matairi ya Pikapu kwa Njia ya Shamba

Mvua ndefu ikianza, maziwa mengi katika skimu huharibika si kwa kosa la ng'ombe wala la mkamuaji, bali kwa sababu pikapu imekwama njiani. Maziwa yapasa kufika penye mtambo wa kupoza kabla ya saa mbili au tatu kupita tangu kukamuliwa. Yakikaa nusu siku matopeni yatakataliwa, na mkulima atarudi nayo nyumbani. Kwa hiyo wakulima wenye pikapu, au wanaoshirikiana kununua moja, huuliza sana habari za matairi ya njia zote, yale yenye meno makubwa ambayo ubavuni huandikwa A/T. Matairi hayo ni mazuri, lakini yafaa mnunuzi ajue mambo kadhaa kabla ya kutoa fedha.

Matairi ya pikapu ni ya namna tatu. Tairi la lami, H/T, lina meno madogo yaliyokaribiana. Hukimbia vizuri barabarani, lakini likiingia katika udongo mweusi nafasi zake hujaa tope mara moja, likawa laini kama chungu. Tairi la matope, M/T, lina meno makubwa yaliyoachana, nalo hutupa tope nje kila linapozunguka. Vijana hulipenda kwa sura yake. Lakini kwenye lami iliyolowa hushika vibaya unapofunga breki, hupiga kelele, huisha upesi na hula mafuta zaidi. Tairi la A/T liko katikati ya hayo mawili. Mkulima wa Kinangop au Ol Kalou huanza safari katika udongo unaonata, akafuata marram, kisha akaingia lami kupeleka viazi Naivasha au Nairobi. Kwa safari ya namna hiyo A/T ndilo tairi linalomfaa.

Hata hivyo, meno si jambo la kwanza la kutazama. La kwanza ni uzito ambao tairi linaweza kuchukua. Matairi mawili ya A/T yaweza kuwa na meno yaliyo sawa kabisa, kumbe moja limetengenezwa kwa motokaa ya watu na jingine kwa gari la mizigo. Ukitazama kwa juu hutaona tofauti yao. Ni lazima usome ubavu.

Tuseme pikapu yako ikiwa tupu huweka kilo 700 juu ya magurudumu ya nyuma. Unapakia magunia 20 ya viazi, ya kilo 50 kila moja, yaani tani nzima, na karibu mzigo wote hulalia nyuma. Sasa magurudumu hayo mawili yanabeba kilo 1,650 hivi, maana yake kila tairi kilo 825. Ubavuni mwa tairi, baada ya kipimo chake, kuna namba ya mzigo. Namba 91 maana yake ni kilo 615 tu. Namba 106 ni kilo 950, na namba 110 ni kilo 1,060. Mwenye tairi la 91 atapasukiwa njiani, hata kama meno yake ni mapya, kwa sababu ubavu unaopinda kupita kiasi hupata joto jingi na nyuzi zake za ndani huachana. Kwa mizigo tafuta tairi lenye herufi C mwishoni mwa kipimo, kama 195R14C au 205R16C, au lenye herufi LT mwanzoni. Ukiona namba mbili pamoja, kama 106/104, wewe fuata ile ya kwanza. Ya pili ni ya magari yenye matairi mawili mawili kila upande.

Kipimo chenyewe kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho penye mlango wa dereva. Usishawishiwe na muuzaji kuweka tairi kubwa kuliko hilo bila sababu. Ukitoa 215/75R15 ukaweka 235/75R15, mshale wa mwendo ukionyesha kilomita 80 wewe unakwenda 83, injini inapata kazi zaidi kupandisha mlima, na huenda tairi likakwaruza bawa la gari unapokata kona ukiwa na mzigo.

Tazama pia tarehe. Karibu na herufi DOT kuna tarakimu nne za mwisho: 2324 maana yake tairi lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2024. Mpira huwa mgumu kwa umri na kwa jua, hata ukiwa dukani. Tairi la rahisi lenye miaka minane na nyufa ndogo ubavuni ni la ghali.

Kama fedha hazitoshi matairi manne, nunua mawili yanayolingana uyafunge nyuma. Pikapu nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma, na huko ndiko kuna mzigo. Zaidi ya hayo, gari lenye matairi yaliyokwisha nyuma huteleza kiuno kwenye lami ya mvua, na dereva wengi hawawezi kulirudisha. Usichanganye namna mbili za tairi katika ekseli moja.

Yafaa tuseme kweli kuhusu udongo mweusi. Ukishalowa sawasawa, hakuna A/T litakalopita penye bonde lililotuama maji, na kulazimisha injini ni kuchimba kaburi la gari. Ukiwa huna mzigo, waweza kupunguza upepo kutoka ratili 35 hadi 20 hivi, ili tairi lilale na kushika ardhi kwa upana, uende polepole sana, kisha ujaze tena kabla ya kushika mwendo. Kwa hiyo pampu ni sehemu ya gharama ya matairi. Ukiwa na mzigo, usipunguze. Shusha kwanza magunia. Majirani wakichimba mfereji wa kutoa maji penye bonde hilo, wote watapita, hata mwenye mkokoteni wa punda.

Tairi la akiba liwe la kipimo kile kile na namba ile ile ya mzigo, kwa kuwa pancha hutokea siku ya mzigo. Kaza nati tena baada ya kilomita 80 za kwanza. Weka pia ndani ya gari kipande cha ubao mpana, cha kutia chini ya jeki, kwani katika udongo wetu jeki huzama kabla gari halijainuka.